Mzee, kiti na mwavuli: mbinu za katuni zikilinganishwa kwa tukio moja

Anayetaka kuanza kutengeneza katuni huulizwa kwanza anapenda mwonekano upi: wa kuchorwa kwa mkono, wa wanasesere wa udongo, au wa kompyuta wenye vivuli na nywele zinazopepea. Kwa mtazamaji hilo ni swali zuri. Kwa mtengenezaji halisaidii sana, kwa sababu mwonekano haukuambii kazi imejificha wapi. Katuni zote zina kazi nyingi, ila kila mbinu ina wakati wake wa kuidai. Kuna mbinu inayokutoza kidogokidogo katika kila fremu, yaani kila picha moja tulivu ya filamu, hadi ya mwisho. Kuna inayotaka karibu malipo yote kabla hujasogeza hata kidole cha mhusika. Na kuna inayokudai siku ileile ya kupiga picha, papo kwa papo, bila nafasi ya kurudi nyuma. Ukishajua hilo, uliza na hili: nikikosea, kosa nitaligundua lini, na kulirekebisha kutanila siku ngapi?

Nitatumia tukio moja kwa mbinu zote ili tusizungumze hewani. Mzee ameketi. Anainuka, anachukua mwavuli ulioegemezwa ukutani, anaufungua, anatugeuzia mgongo, anatoka mlangoni. Sekunde 10. Mwavuli nimeuweka kwa makusudi, maana ni kitu kidogo kinachozitesa mbinu hizi kila moja kwa namna yake.

Hesabu kwanza

Sinema hupita kwa fremu 24 kila sekunde; televisheni na video za mtandaoni mara nyingi ni 25 au 30. Tukishika 24, mzee wetu ana fremu 240. Si lazima ziwe picha 240 tofauti. Tangu zamani wachoraji hushikilia kila mchoro kwa fremu mbili, kazi ikashuka hadi michoro 120, na jicho halilalamiki isipokuwa mwendo ukiwa wa kasi sana au kamera ikiwa inamfuata mhusika. Wanaobana matumizi hushikilia fremu tatu au nne. Hapo mwendo huanza kukatakata, jambo ambalo si dhambi ikiwa umelitaka wewe mwenyewe. Mwaka 1908, huko Ufaransa, Émile Cohl alitumia takriban michoro 700 kwa filamu isiyofika dakika mbili, mistari mitupu isiyo na rangi, na bado inatazamika.

Anayejaza pengo kati ya picha na picha ni ubongo wa mtazamaji. Kwa hiyo umbali kati ya mchoro mmoja na unaofuata una maana kuliko uzuri wa mchoro wenyewe. Michoro ikikaribiana, kitu kinakwenda polepole, ikiachana, kinakimbia. Mzee anayeinuka kwa shida atakuwa na michoro iliyosongamana mwanzoni, pale makalio yanapoachana na kiti, kisha inaanza kuachana. Kanuni hii haijali unatumia penseli, udongo au kompyuta. Ukiijua kwenye kona ya daftari umeijua kila mahali, na asiyeijua hataokolewa na programu yoyote.

Kalamu dhidi ya mkasi

Ukitaka picha bapa, yaani za 2D, una njia mbili zinazoonekana kama ndugu wa tumbo moja mpaka uanze kazi. Ya kwanza ni kuchora kila mkao upya. Ya pili ni kumchora mzee mara moja, ukamkata viungo, halafu ukawa unavisogeza.

Kuchora upya ndiyo mbinu yenye uhuru kuliko zote. Mwavuli ukifunguka, unachora ukifunguka: mbavu zinatanuka, kitambaa kinavimba, na katika fremu moja unaweza hata kuweka mkwaruzo wa rangi badala ya mwavuli, mtazamaji akaona mfyatuko. Mzee akitugeuzia mgongo, bega linatangulia, sikio linapita, kisogo kinafika. Hakuna cha kutengeneza mapema zaidi ya karatasi moja ya mfano inayoonyesha mhusika kutoka pande zote. Mwenye penseli anaweza kuanza leo jioni.

Deni linakuja kwenye marudio. Mchoro wa 80 lazima uwe mzee yuleyule wa mchoro wa kwanza: pua ileile, urefu uleule, vifungo vilevile vya koti. Kila kifungo ulichomshonea kwa raha siku ya kwanza utakichora mara 120. Anayechora kwa kufuata mkondo, wa kwanza, wa pili, wa tatu hadi mwisho, hupata mwendo wenye uhai na vituko asivyovipanga, ila mzee anaweza kufika mlangoni akiwa mnene kuliko alivyoketi. Anayeanza na mikao mikuu (ameketi, ameinama kujisukuma, amesimama, ameshika mwavuli) kisha akajaza ya katikati, hulinda umbo na muda, lakini mwendo wake unaweza kuwa mtiifu mno, usio na mshangao. Frank Thomas na Ollie Johnston, waliofanya kazi Disney miaka mingi, waliziweka njia hizi mbili kati ya kanuni 12 walizozichapisha mwaka 1981. Wazoefu huzichanganya: mwili kwa mikao mikuu, nguo, nywele na moshi kwa kufuata mkondo.

Kosa katika kuchora lina bei ya wastani. Mkono ukiwa mbovu katika michoro 6, unaichora 6 upya, basi. Lakini ukiamua mwishoni kwamba mzee avae kofia, umejiandikia michoro 120.

Zamani bei ilikuwa kali zaidi. Kabla ya plastiki angavu kuanza kutumika, mandhari nayo ilibidi ichorwe upya kwenye kila karatasi, kiti na ukuta vikirudiwa mara mia. Mwaka 1914 Earl Hurd, Mmarekani, aliomba hataza (hati ya kumlinda mvumbuzi) ya kuchora mhusika juu ya karatasi angavu inayolazwa juu ya mandhari moja isiyosogea. Tabaka za programu za leo ni wazo hilohilo. Nalo ganda la kitunguu, ile hali ya programu kukuonyesha mchoro uliopita kwa wepesi chini ya unaochora, ni meza ya mwanga ya wachoraji wa zamani iliyohamia kwenye skrini. Krita, Pencil2D na OpenToonz zote zina zana hizo na hazitozi kitu.

Mkasi unapindua ratiba yote. Kabla ya mwendo wowote unamgawa mzee: kichwa, kiwiliwili, mkono wa juu, mkono wa chini, kiganja, paja, muundi, mguu. Unachora midomo 8 au 9 ya kutamkia, macho ya wazi, ya nusu na yaliyofumbwa. Kila kipande unakipa mahali pa kuzungukia, begani, kwenye kiwiko, nyongani. Katika kompyuta unaweka mifupa ndani yake. Kwenye karatasi halisi unatumia uzi au waya. Siku tatu zinaweza kuisha na hujaona kitu kikisogea. Kisha mambo yanakimbia ghafla. Kumwinua mzee kitini ambako kwa kalamu ni michoro 30, kwa vipande ni mikao mitano unayoipanga, na kompyuta inajaza iliyobaki. Umempa kofia mwishoni? Unaibandika kichwani mara moja, inamfuata kokote aendako.

Mwavuli ndio unaofichua udhaifu. Uliofungwa ni kipande kimoja, uliofunguka ni kingine, na katikati hakuna njia, kwa sababu karatasi haivimbi. Unadanganya: unabadilisha kipande ndani ya fremu mbili huku mkono ukipita mbele kuficha. Kutugeuzia mgongo ni shida kubwa zaidi, maana mzee wa karatasi hana mgongo. Utamtengeneza mzee wa pili, wa kisogo, umbadilishe wakati anageuka; au utamtoa mlangoni kwa ubavu, kama kivuli ukutani. Hapo ujue mbinu imeanza kukuandikia hadithi. Si vibaya, ila ulijue hilo kabla ya kuandika, si baada.

Kwamba vipande vinaweza kubeba hadithi kubwa, hilo halina ubishi. Mjerumani Lotte Reiniger alitumia miaka mitatu kukata vivuli vya kadi nyeusi na bati la risasi, akavifunga viungo kwa waya, akatoa mwaka 1926 filamu ambayo ndiyo ya zamani zaidi kati ya filamu ndefu za katuni zilizosalia. Hakukwepa ubavu, aliufanya kuwa mtindo. Wengine walipunguza kazi bila kukata chochote: Osamu Tezuka, aliyelazimika kutoa kipindi kila wiki kwenye televisheni ya Japani kuanzia 1963, alishikilia picha moja kwa muda mrefu, akasogeza mdomo tu, akarudia kutumia michoro ya zamani. Mtazamaji alisamehe kwa sababu hadithi ilimshika.

Kwangu mimi mpaka uko hapa: mhusika akionekana mara moja, chini ya dakika, akifanya mambo mengi tofauti, mchore. Akirudi katika vipindi kumi na kazi yake kubwa ikiwa ni kusema, mkate. Makosa mengi ninayoyaona ni kinyume cha hili. Mtu anatumia wiki mbili kumwekea mifupa mhusika atakayepita kwenye skrini kwa sekunde nne, au anaanza kuchora kwa mkono mfululizo wa mazungumzo na kuchoka kabla ya kipindi cha pili kuisha.

Mezani dhidi ya kwenye skrini

Wanaotaka kitu chenye kina, kinachoweza kutazamwa kutoka pande zote, nao wana njia mbili: kusogeza sanamu halisi mbele ya kamera, ambayo wenye fani huiita stopmosheni, au kujenga sanamu ndani ya kompyuta, yaani 3D.

Stopmosheni ni rahisi kueleza. Sogeza kidogo, piga picha, sogeza kidogo, piga picha. Simu, kitu cha kuishikilia na programu ya kuunganisha picha vinatosha. Mwanga hauutafuti kwa hesabu, taa ndiyo hiyo. Kivuli cha mzee kinaanguka ukutani chenyewe. Koti la kitambaa ni kitambaa kweli. Mambo ambayo mtu wa 3D huyatafuta kwa wiki nzima, wewe umeyapewa na ulimwengu bure.

Ulimwengu unadai fidia, lakini. Jua linasogea. Mara ya kwanza nilipojaribu, niliweka meza karibu na dirisha kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri; nilipocheza picha zangu nikaona mawingu yote ya mchana ule yakipita usoni mwa mwanasesere, chumba kikiwaka na kuzima kama taa mbovu. Funga pazia, tumia taa. Kamera nayo ikiachwa ijiamulie, itabadilisha mwangaza na rangi kila picha, kwa hiyo funga mipangilio yote iwe ya mkono: mwangaza, rangi, umbali wa kuona. Vaa nguo nyeusi, kwa kuwa shati jeupe hurudisha mwanga mezani kila ukiinama. Ukigonga mguu wa meza, sekunde ulizokwisha kupiga na utakazopiga hazitaungana tena.

Ndani ya mwanasesere kuna kiunzi. Waya wa alumini uliosokotwa mara mbili unatosha kuanzia, na utakatika, kwa kawaida gotini au kiwikoni, kwa kawaida katikati ya tukio. Tengeneza miguu ya akiba. Plastisini, ule udongo laini wa kufinyangia, hulainika chini ya taa, hubeba vumbi na alama za vidole. Studio ya Aardman ya Uingereza imeziacha alama hizo zionekane hadi zimekuwa sehemu ya ladha ya kazi zake. Miaka mingi kabla yao, Willis O'Brien alikuwa na sokwe mwenye manyoya katika filamu ya 1933, na manyoya yale yanatikisika muda wote kwa sababu vidole vilivyomsogeza viliyagusa. Kosa, bila shaka. Lakini sokwe anaonekana kana kwamba anapumua.

Mwavuli wa stopmosheni? Usijaribu kuufungua mmoja. Tengeneza midogo 6, kila mmoja umefunguka zaidi kuliko uliotangulia, na uibadilishe mkononi mwake fremu kwa fremu. Nyuso hufanywa hivyohivyo: studio ya Laika ya Marekani ilichapa nyuso za kubadilisha kwa printa za 3D katika filamu yake ya 2009. Kutugeuzia mgongo hakuna gharama hata kidogo. Mzungushe tu.

Bei ya kosa ndiyo inayowatisha watu, na wana haki. Mwendo unakwenda mbele peke yake. Ukifika fremu ya 200 ukagundua kwamba mzee aliinuka haraka mno katika fremu ya 40, huwezi kwenda kuigusa fremu ya 40. Inabidi urudie tangu hapo. Unaweza kuondoa picha au kuishikilia muda mrefu zaidi, lakini huwezi kuongeza mkao uliokuwa katikati, kwa sababu ulimwengu ule haupo tena. Ray Harryhausen alihitaji miezi kama minne kwa pigano moja la mifupa inayotembea katika filamu ya 1963, ambamo ilibidi akumbuke kwa kila fremu nani anainua upanga na nani anaushusha. Kwa wengine ni mateso. Kwa wengine ndiyo raha yenyewe: unacheza jukwaani polepole, na ukimaliza umemaliza.

Sasa 3D. Hapa unaanza kwa kuchonga umbo la mzee, kisha unampaka ngozi na rangi, unamwekea mifupa, unaiambia kompyuta kila mfupa uvute nyama gani na kwa kiasi gani, unamshonea koti, unajenga kiti, ukuta, mlango, unaweka taa. Sijafika kwenye mwendo bado. Mtu mmoja anayejifunza anaweza kutumia miezi kabla mzee hajainuka, na mara ya kwanza atakapoinuka, bega litabonyea kama mto uliokaliwa. Kati ya mbinu zote hizi hakuna inayoomba malipo makubwa mapema kama hii.

Ukishalipa, unamiliki kitu ambacho hakuna mbinu nyingine inakupa: kila uamuzi unaweza kubadilishwa wakati wowote. Kamera isogee kushoto baada ya mwendo kukamilika? Isogee. Iwe usiku? Zima taa. Kofia? Ipo. Mzee aliyeinuka haraka mno katika fremu ya 40 anasahihishwa kwa kuvuta alama mbili kwenye mstari wa muda. Uhuru huu una sumu yake. Nimeona watu wakirekebisha sekunde tano kwa mwaka mzima kwa sababu hakuna kitu kinachowaambia basi. Anayesogeza sanamu hulazimishwa na meza kuendelea mbele. Anayetumia 3D asipojiwekea tarehe hatamaliza.

Mwavuli katika 3D ni mradi unaojitegemea. Kila ubavu unahitaji mfupa, mbavu zote zifuate bomba moja linalopanda, kitambaa kinyooke bila kutoboana na vyuma. Ukiujenga vizuri utaufungua na kuufunga mara elfu kwa kitelezi kimoja, kidude cha kuburuta kwenye skrini. Ukiwa unauhitaji mara moja tu, ungekuwa umeshauchora kwa kalamu na kwenda kulala.

Halafu kuna kurenda, muda ambao kompyuta inahesabu mwanga wa kila fremu. Ikichukua dakika 4 kwa fremu, sekunde zetu 10 ni dakika 960, saa 16, na ukikuta kivuli kimekosewa unaanza tena. Kuna injini za kurenda papo hapo zinazoshusha dakika hizo hadi sekunde, kwa kukubali mwanga usio sahihi sana. Blender, programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi tangu 2002, ina za aina zote mbili ndani yake. Filamu ndefu ya mwaka 2024 kutoka Latvia, isiyo na neno hata moja la mazungumzo, ilitengenezwa kwa Blender na kurendwa kwa injini ya haraka, ikashinda Oscar mwaka uliofuata. Kwa hiyo hoja ya kwamba 3D ni ya studio kubwa peke yake imekufa. Iliyobaki hai ni hoja ya subira.

Linganisho moja la mbinu hizi mbili halizungumzwi vya kutosha, nalo ni uzito. Kwenye meza, uzito upo na ni adui. Mzee akiinua mguu anaanguka, na ndiyo maana nyayo hufungwa kwa skrubu chini ya jukwaa. Akiruka, lazima umshike kwa waya utakaofutwa baadaye. Kwenye kompyuta uzito haupo kabisa. Mzee anaweza kusimama kwa kidole angani milele, na usipomchezesha uzito wewe mwenyewe, ataelea: nyayo zitateleza sakafuni, mikono itasogea kama iko majini. Kompyuta ikijaza kati ya mikao miwili huilainisha yote kwa kiasi kilekile, na ulaini huo ndio unaofanya kazi za wanaoanza zifanane. Dawa ni kuanza na mikao isiyounganishwa, inayorukaruka kama picha za mnato, hadi muda wake ukuridhishe. Ndipo uiruhusu mashine iunganishe. Ni ile kazi ya mikao mikuu ya mchoraji, imevaa nguo mpya.

Filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta ilitoka mwaka 1995, na wahusika wake wakuu walikuwa wanasesere. Plastiki ndiyo iliyokuwa rahisi kwa kompyuta za wakati ule. Ngozi, nywele na nguo zilikuwa bado zinazizidi nguvu. Waliotangulia hawakupigana na mbinu yao, walitafuta hadithi inayokaa ndani yake. Ukiwa na kompyuta dhaifu, fanya vivyo hivyo: mzee wa mbao, asiye na nywele, koti lisilokunjika.

Zilizobaki, kwa haraka

Rotoskopu ni kuchora juu ya video ya mtu halisi, fremu kwa fremu. Max Fleischer aliiombea hataza mwaka 1915. Ni mwalimu mzuri wa mwendo na mtegaji mzuri pia: ukinakili kila kitu, mzee anatembea sawasawa lakini anaonekana amelala. Chukua muda wa mwendo kutoka kwenye video, mikao iongezee chumvi mwenyewe. Kunasa mwendo kwa vihisi ni jamaa yake wa 3D, na ugonjwa ni uleule.

Piksilesheni ni stopmosheni ya watu hai. Norman McLaren aliitumia mwaka 1952 nchini Kanada, watu wakateleza juu ya nyasi bila kupiga hatua. Haihitaji kujenga chochote, inahitaji marafiki wavumilivu. Mchanga juu ya kioo chenye mwanga na rangi za mafuta zinazofutwa na kupakwa upya hutoa picha ambazo hakuna programu inayozifikia, kwa bei ya kuiharibu kila picha ili upate inayofuata. Filamu ya mwaka 2017 kuhusu Vincent van Gogh ilikuwa na fremu takriban 65,000 za rangi za mafuta, na wachoraji zaidi ya 100. Usianze nayo.

Michoro-mwendo, yaani maandishi, ramani na alama zinazosogea, mara nyingi huachwa nje ya orodha kama hizi, ingawa kazi za malipo kwa anayeanza ziko nyingi huko. Haina mzee wala kiti. Ikiwa lengo lako ni kueleza jinsi kitu kinavyofanya kazi na si kumfanya mtu alie, anza hapo.

Sasa chagua

Tazama kwanza mikono yako. Unachora vizuri lakini unachukia vifaa: kalamu. Unachora vibaya lakini unaweza kushona, kuchonga, kugundisha: meza. Huchori, huchongi, lakini unaweza kukaa na tatizo la hesabu usiku kucha bila kukasirika: 3D. Unachora wastani na una mengi ya kusema kila wiki: vipande.

Kisha tazama muda wako ulivyokatika. Hili ni zito kuliko watu wanavyodhani. Mwenye nusu saa kila usiku anaweza kuchora michoro mitatu na kuacha; atairudia kesho kama alivyoiacha. Stopmosheni haikubali hivyo, kwa kuwa jukwaa likikaa usiku kucha waya hulegea, plastisini hushuka, mtu hufagia chumba. Tukio moja limalizike kwa kikao kimoja, au uwe na chumba chenye mlango unaofungwa. 3D huvumilia kukatizwa, ila ukiiacha mwezi mzima utarudi usikumbuke kitelezi kipi kilikuwa cha nini, kwa hiyo vipe majina.

Na tazama hadithi. Kitu kinachogeuka umbo, ndoto, moto, mtu anayekuwa ndege: kalamu haina mpinzani. Kitu kinachotakiwa kushikika, chakula, mbao, manyoya: meza. Kamera inayozunguka jengo zima: kompyuta. Watu wawili wamekaa wakibishana kwa dakika 20: vipande, na fedha au muda uliookoa uuweke kwenye sauti zao.

Kuchanganya kunaruhusiwa, na wakubwa wanachanganya. Blender ina kalamu ya kuchorea 2D ndani ya chumba cha 3D, kwa hiyo chumba cha mzee unaweza kukijenga na mzee mwenyewe ukamchora. Filamu ya Marekani ya mwaka 2018 kuhusu Spider-Man ilichukua wahusika wa 3D ikawashikilia kwa fremu mbilimbili kama wachoraji wa karatasi, makusudi, ili waonekane wametoka kwenye kitabu cha vibonzo.

Ukibaki na mbinu mbili unazoshindwa kuamua kati yake, chukua sekunde 2 za mwisho za mzee, anapogeuka na kutoka, bila rangi wala mapambo. Zitengeneze kwa mbinu zote mbili. Kwa kila moja andika saa katika safu mbili: saa za maandalizi na saa za mwendo wenyewe. Zile za maandalizi utazilipa mara moja. Zile za mwendo zizidishe kwa 30 upate dakika moja. Saa 2 za maandalizi na saa 5 za mwendo ni saa 152 kwa dakika. Saa 40 za maandalizi na saa 1 ya mwendo ni saa 70. Halafu angalia script yako ina dakika ngapi.